Mwenyekiti wa Kamati ya Vinywaji

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka Muyinga. Walikuwa wanawake watatu wakinyang'anyana simu moja, wote wenzangu wa kwaya ya kambi ya wakimbizi, siku hizi wana mvi na magoti yanayouma, na kila mmoja alitaka asikike yeye. Wanaandaa siku ya kukutana sisi tuliorudi mwaka mmoja: muziki, chakula, picha za pamoja. "Konso, wewe utashika vinywaji," mmoja aliniambia. "Haijawahi kutokea mtu akae na chupa tupu mbele yako." Nilicheka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mdogo wangu Dafroza hayupo tena wa kunitazama nikicheka. Nikawaambia nitaona afya yangu itakavyokuwa. Afya yangu haina neno. Sikutaka tu kuwaambia kwamba mara ya mwisho niliposhika vinywaji kwenye shughuli ya watu, mdogo wangu alipoteza mume kabla hajawa mume, na kwamba mwaka huo wanaotaka kuusherehekea ndio nisioupenda kuliko yote niliyoishi.

Niseme jambo ambalo watu hawapendi nikilisema: kambini nilikuwa na furaha. Nikilisema mbele ya wageni hunyamaza, kama vile nimetukana marehemu. Wao wanataka niwaambie habari za njaa na matope, na kweli njaa na matope vilikuwepo, lakini Jumamosi ilikuwepo pia. Tulikuwa na ukumbi wa miti na turubai, umefagiliwa mpaka udongo unang'aa, na spika moja kubwa iliyokula betri ya gari. Kila arusi ilikuwa na kamati, kama walivyotufundisha majirani zetu Watanzania: kamati ya chakula, kamati ya mapambo, hata kamati ya usafiri, ingawa bwana harusi aliishi hatua arobaini kutoka ukumbini. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya vinywaji tangu nina miaka kumi na tisa. Pombe haikuruhusiwa, basi vinywaji vyetu vilikuwa chai ya tangawizi na soda zilizoletwa kwa baiskeli kutoka Kabanga. Sheria yangu ilikuwa moja tu: mgeni asikae na chupa tupu. Nilitembea kati ya viti na jicho la mwewe. Kwaya ikiimba, mama mmoja akimaliza soda yake ubeti wa pili, ubeti wa tatu humkuta na nyingine mkononi. Na shughuli ikichangamka nilicheza, nikacheza mpaka vumbi likanipanda magotini. Nilijua kucheza. Sisemi kwa kujisifu, mtu anajua alichopewa.

Kisha tukarudi. Tulivuka mpaka pale Kobero mchana, kwenye lori, mimi na Dafroza juu ya magodoro yetu, wabeba mizigo wakitutazama na wabadilisha fedha wakitupungia noti kana kwamba tulikuwa na kitu cha kubadilisha. Tulifikia Gashoho kwa baba mkubwa Melkiori, ambaye hakuwahi kukimbia. Alitupa chumba kilichokuwa cha mbuzi, akakipaka udongo mpya kwa mikono yake mwenyewe, na alituonea haya kwa harufu iliyobaki. Shamba la baba yetu lilikuwa na watu wengine juu yake, na watu hao walikuwa na watoto. Hilo nitaliacha hapo. Tulikula maharage na ugali wa muhogo, tukala maharage na ndizi, tukarudi kwenye muhogo. Jioni ilikuwa kimya. Nje ya ukuta nilisikia wanawake waliotoka kisimani wakisema, "Wale Watanzania wa kwa Melkiori wanaongea kama redio," na wenzao wakicheka. Nilizaliwa na Warundi, nimelelewa kwa Kirundi, na sikuwahi kuitwa Mtanzania mpaka siku niliporudi kwetu.

Aliyeniokoa ni Mwajuma. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika mji wa Muyinga, mtaa wa Waislamu, na Mwajuma alikuwa akiuza vitenge mbele ya duka lake. Siku ya kwanza tulipokutana nilisimama kushika kitambaa nisichokuwa na uwezo nacho. Aliniachia nikishike kwa muda mrefu, kisha akasema, "We siyo unanunua. We unasikia tu muziki ya pale ndani." Kweli nyuma ya duka palikuwa na arusi. "Bon, ingia. Mi nikiwa na we hakuna mutu atakuuliza." Kuanzia siku hiyo kila palipokuwa na shughuli mtaani kwao nilitembea kutoka Gashoho asubuhi, viatu mkononi. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, matari yakalia, pilau ikatoka kwenye sufuria ambazo mtu angeweza kuogea ndani yake. Walinipa nafasi bila kuniuliza dini wala shamba. Mwajuma alikuwa akinisukuma katikati na kuwaambia wenzake, "Muangalie huyu, alors, huyu hakuzaliwa na mifupa." Nilirudi nyumbani na mwili mwepesi. Nilidhani nchi yote itakuwa hivyo mtu akiipa muda.

Dafroza hakuwa mtu wa kucheza. Yeye aliimba, sauti ya pili, macho chini. Ni kwenye tamasha la kwaya pale Muyinga, ukumbi wa shule, madirisha bila vioo, ndipo alipoonekana na Emanueli, mwalimu wa shule ya msingi hapo Gashoho, kijana wa watu wa Mutaho. Alikuwa na baiskeli yenye dinamo na alikuwa akitoa kofia akisalimia hata wasichana. Baada ya tamasha alimletea Dafroza karatasi yenye maneno ya wimbo aliyoyaandika akimsikiliza, akamwuliza kama ameyapata sawasawa. Alikuwa ameyapata. Wiki tatu baadaye tukifua nguo mtoni, Dafroza aliniambia bila kuniangalia, "Dada, nataka mlango wangu mwenyewe. Nataka niwe ndani, mtu abishe hodi, na mimi ndiye nimwambie karibu." Hakuzungumzia mapenzi. Nilimrushia povu usoni na kumwambia huyo mwalimu atachoka kubisha. Alicheka, na alikuwa na kicheko kidogo sana, cha mtu anayeogopa kukimaliza.

Watu wa Mutaho wakatuma ujumbe kwamba watakuja kuomba binti. Baba mkubwa alifurahi mpaka akaanza kunyoa ndevu kila siku. Alijua, na sisi tulijua, kwamba upande wa pili walikuwa na maneno: msichana hana shamba nyuma yake, kakulia kambini, nani anajua huko walifundishwa nini. Lakini Emanueli alikuwa ameshikilia, na wazee wake walikubali kuja kuona. Neno lilikuwa hilo, kuja kuona. Mimi nikaomba nishike vinywaji na muziki, na baba mkubwa, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona shughuli za wazee tu, akasema, "Bon, fanyeni kidogo ya vijana. Iko vizuri na watu wa kesho wafurahi." Nikaandika kamati. Kamati yenyewe ilikuwa mimi. Nikaazima spika Muyinga, nikamleta Mwajuma na mama yake wapike pilau, ingawa mama mkubwa Koleta alinung'unika kwamba wageni wa kuomba hawalishwi wali kama watoto wa shule. Koleta mwenyewe alipanga bia. Kreti tatu akaziweka sebuleni. Kreti mbili nyingine na chungu kidogo cha bia ya mtama, kimefungwa jani la mgomba na mrija wake juu, akaviweka chumba cha ndani, chini ya mkeka. Hakuniambia ni vya nini. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyedhani yuko Mrundi wa miaka ishirini na minne asiyejua.

Wageni walikuwa kumi na wawili. Walikaa upande wa mlango, sisi tukakaa ukutani, katikati nafasi tupu ya udongo. Dafroza alikuwa chumba cha pili, amevaa imvutano ya kuazima, kitambaa kimefungwa begani, anangoja kuitwa. Pazia lilikuwa jembamba na niliweza kuona vidole vya miguu yake chini yake. Bia ya kukaribisha ikatolewa na neno lake, msemaji wao akaipokea na neno lake. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Kisha wakaanza kuzunguka. Baba mkubwa akasema habari za mvua. Mzee akajibu habari za ng'ombe. Baba mkubwa akauliza njia ilikuwaje. Mzee akaeleza njia yote tangu Mutaho, kilima kwa kilima. Leo najua kwamba ule ndio ulikuwa utamu wenyewe, wazee wawili wakinusana, na kwamba ombi lilikuwa linakaribia, pengine sentensi tatu mbele. Mimi nilichoona ni chupa. Chupa zote kumi na mbili zilikuwa tupu, watu wameziweka miguuni, kreti za sebuleni zimekwisha, na hakuna anayesogea. Mama mmoja wa upande wao alipiga miayo. Moyo uliniuma kweli. Nilijiambia, watasema watu wa kambi hawana kitu.

Basi nikaingia ndani, nikafunua mkeka, nikatoa kreti mbili. Nikagawa haraka, nikifungua kwa ukingo wa kopo kama kambini. Halafu nikarudi kubeba kile chungu, nikafungua jani, nikakiweka mbele ya mzee wa koti la kijivu, kwa magoti mawili, heshima zote, mrija umemwelekea. Nikawasha spika. Nikashika maikrofoni nikasema, "Karibuni, mnywe, msione haya, hapa ni kwenu." Baba mkubwa alisimama akinyoosha mkono, midomo inakwenda, na muziki ulikuwa juu, sikusikia hata neno moja. Nilidhani anataka kucheza. Nilimpungia aje katikati. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu jikoni: nilimpungia.

Mzee alivuta mrija mara moja. Akampa aliye kulia, naye akavuta, ukazunguka watu kumi na wawili bila haraka. Kisha akasimama, akavuta koti, akasubiri mpaka mtu mmoja wa kwetu akazima muziki. Alisema kwa Kirundi kizuri, cha taratibu, kwamba wamekunywa, wanashukuru, njia ni ndefu na jua linakwenda. Wakatoka kwa mstari. Emanueli alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akatazama lile pazia, na baba yake akamwita jina kwa sauti ya kawaida, akaenda. Jua lilikuwa bado juu kabisa. Nikamfuata Mwajuma uani, alikuwa na mwiko mkononi, pilau haijapakuliwa. "Wanaenda wapi?" nikamwuliza. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyemwaga mafuta. "We, uliwapa agashinguracumu? Ile iko ya mwisho. Zamani mugeni alikuwa anasimika mukuki yake hapo inje, ukimupa ile, ni kusema ang'oe mukuki, aende. Hata sisi Waislamu wa huku tunajua." Akaweka mwiko chini. "Wamekuja kuomba binti, na we umewafukuza hata hawajaomba."

Nilimwendea Dafroza nyuma ya pazia. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, kitambaa hakijaharibika hata mkunjo mmoja. Akaniuliza, "Niitwe sasa?" Ilibidi Koleta aje amwambie. Ile pilau tuliila siku mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu hakuna anayetupa wali, na kila mtu aliitafuna akiangalia sahani yake. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulilila kwa mdalasini na nyama.

Msomaji wa mbali atasema, si wangekwenda tu kueleza? Walikwenda. Baba mkubwa alifika Mutaho mara mbili, na bia, na mzee wa kumsemea, na aibu yake. Mara ya kwanza walimpokea vizuri, wakamwambia wameelewa, mtoto hakujua, hakuna aliyekasirika. Ila wakasema kinywaji kile kikishanyweka hakirudi chunguni, itabidi kungoja mwaka, wazee wakae tena. Mara ya pili mzee wa koti alikuwa "safarini", na koti lake limetundikwa ukutani. Nimefikiria jambo hili miaka mingi na sijalipatia faraja. Walikuwa wamekuja wakiwa na shaka, na mimi nikawapa njia ya kuondoka bila kumtukana mtu. Wangeweza kumkataa Dafroza kwa sababu ya shamba, wangeonekana wabaya. Sasa walikuwa watu waliofukuzwa, wakaondoka kwa adabu. Emanueli alikuja mara moja kwa baiskeli, akasimama uani, hakukubali kukaa. "Mi niko mtoto wao," alimwambia Dafroza mbele yangu. "Siwezi kwenda juu yao." Dafroza alimjibu kwamba ameelewa, akamwuliza kama dinamo imetengenezwa. Muhula uliofuata alihamishiwa kwao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kulikwepa. Mwisho wa mwaka huo kwaya yetu ilialikwa kwenye tamasha hapa Gitega, kwaya kumi na kitu, ukumbi mkubwa, vyombo vya umeme. Sikuwahi kuona jukwaa la namna ile. Tulipanda nyuma ya pikapu, tukaimba njia nzima. Njia ilitupitisha Mutaho. Tulijua, kwa sababu walimu wa Gashoho walikuwa wameshatuambia, kwamba Jumamosi ileile ya tamasha Emanueli alikuwa anaoa. Na kweli pale kwenye njia panda tuliona upinde wa majani ya mgomba na viti vya plastiki vinashushwa. Kwaya ikaacha kuimba. Dafroza alikuwa amekaa kwenye ukingo wa pikapu, akatazama ule upinde mpaka kona ikauficha, kisha akasema, "Mbona mmenyamaza? Endeleeni, tutasahau sauti." Tukaendelea.

Aliimba siku ile, sauti ya pili, macho chini, bila kukosea. Baada ya kwaya zote kumaliza, vijana wa Gitega walisogeza mabenchi na wapiga vyombo wakabaki. Ilikuwa saa kumi, mwanga unaingia kutoka pande zote mbili za ukumbi. Mpiga gitaa mmoja alianza kitu ambacho miguu yangu ilikijua kutoka kambini. Nilivua sweta, nikavua viatu, nikampa Dafroza avishike. Nilijiambia ni wimbo mmoja. Nilicheza kama saa moja na nusu. Watu walinizunguka, wakapiga makofi, mama mmoja akanifuta jasho kwa kitenge chake mwenyewe. Nilikuwa na furaha, na siwezi kuandika kwamba furaha ile ilikuwa na doa, kwa sababu haikuwa nalo. Miezi yote ile nilikuwa nimetembea kama mgonjwa, na kwa saa moja na nusu nikapona. Kila nilipogeuka nilimwona Dafroza kwenye benchi karibu na mlango, sweta yangu mapajani, viatu vyangu juu ya sweta, vimepangwa sawasawa. Mara moja nilimpungia aje. Akatikisa kichwa, akatabasamu.

Baada ya hapo hatukukaa sana Gashoho. Tulihamia Gitega wote wawili, tukapanga vyumba viwili, Dafroza akawa anashona sare za shule na mimi nikawa nauza chai sokoni. Wachumba wengine hawakuja, au walikuja wakauliza habari za shamba wakarudi. Arusi za watu alikwenda zote, na zawadi, na alirudi mapema. Mimi niliacha kwenda, na nilidhani kwa kuacha nilikuwa nalipa kitu. Hakuna aliyeniomba nilipe kwa njia hiyo. Siku hizi nyuma ya nyumba pamejengwa ukumbi wa sherehe, na kila Jumamosi mchana msema chochote wao anapiga kelele zilezile nilizopiga mimi, karibuni, msione haya. Tulikuwa tukimsikiliza tukichambua mchele. Miaka zaidi ya ishirini tuliishi hivyo na neno la chungu halikutajwa hata siku moja. Nilikuwa nikimwangalia na kungoja alitaje. Hakuwa mtu wa kinyongo, kila mtu atakwambia hivyo.

Figo zilipomshinda, mwanzoni mwa mwaka huu, nilikuwa nikimpelekea uji hospitalini asubuhi na mchana. Aliogopa kupoteza nguvu akizungumza, kwa hiyo tulikaa kimya tu, kitanda chake kando ya dirisha, wagonjwa wengine wakipiga soga kuhusu bei ya mkaa. Siku moja mchana sikuweza tena. Nilishusha kijiko nikamwambia, "Dafroza, ile siku ya chungu. Nisamehe."

Alinitazama kwa mshangao. "Chungu?" akasema. "Chungu nilikusamehe palepale nyuma ya pazia. Ulikuwa hujui, dada. Mtu asiyejua utamfanya nini?"

Nilianza kulia, na nilianza kushukuru, na alingoja nimalize.

"Lakini Gitega ulikuwa unajua," akasema.

Sikumwuliza Gitega ipi. Nilimwuliza kama hiyo nayo amenisamehe.

"Hiyo hapana," alisema, bila hasira, kama anayenieleza mahali alipoweka ufunguo. "Hiyo sikukusamehe. Nilikuzoea tu." Kisha akafungua kinywa nimpe uji, nikampa.